Je, Iguana Anazijua Siku za Mfugaji Wake?

Wanawake wanaofuga iguana wa kijani huko Marekani na Ulaya wamekuwa wakieleza jambo lilelile kwa miaka mingi. Dume waliyemlea tangu akiwa mdogo wa kutosha kukaa kiganjani, anayekula majani mkononi na kusinzia begani, siku moja anawageukia. Anajivimbisha, anatembea upandeupande, ngozi ya chini ya kidevu inashuka na kutanda, kichwa kinapanda na kushuka kwa kasi. Kisha anaruka na kung'ata mkono, nywele au uso, na haachii. Mume wa nyumba hiyo, iguana hamgusi. Mwanamke akirudi kwenye kalenda anakuta alikuwa kwenye siku zake.

Mwaka 1991 masimulizi hayo yaliingia kwenye maandishi ya kitabibu. Fredric Frye na Douglas Mader, madaktari wa wanyama wanaoheshimika sana katika tiba ya reptilia, pamoja na mwenzao mmoja, walichapisha mkusanyo wa awali wa visa 18 vya iguana waliowashambulia binadamu kwa mwenendo wa kujamiiana. Tangu hapo vitabu na miongozo ya wafugaji vimekuwa vikilirudia onyo: dume aliyebalehe anaweza kuwa hatari kwa mwanamke aliye hedhini. Wengine wamelivuta onyo hilo mbali zaidi, hadi kwenye ujauzito, ukomo wa hedhi na vidonge vya uzazi wa mpango, na kutoka kwa iguana hadi kwa chatu, kobe na kinyonga.

Naamini wanawake hao waliona walichokiona. Majeraha yao ni ya kweli, na daktari anayewacheka hawatendei haki. Ninachokipinga ni haraka ya kutoka kwenye "alinishambulia nikiwa hedhini" na kutua kwenye "alinishambulia kwa sababu ya homoni zangu". Kati ya sentensi hizo mbili kuna maswali manne au matano, na kila moja linaweza kuchunguzwa.

Tuanze na yanayoipa hoja hiyo nguvu, kwa sababu si hoja ya kipuuzi. Estrojeni, projesteroni na testosteroni za binadamu ni molekuli zilezile zinazozunguka katika damu ya mjusi. Mageuzi ya mamilioni ya miaka yamebadilisha maumbo yetu, lakini homoni hizi zimebaki zilezile kwa karibu wanyama wote wenye uti wa mgongo. Pili, iguana na nyoka wana kiungo cha kunusia ambacho sisi hatuna kwa namna inayofanya kazi. Kipo juu ya kaakaa la mdomo, na kinaitwa ogani ya Jacobson kwa jina la Ludvig Jacobson, daktari wa Denmark aliyekieleza mwanzoni mwa miaka ya 1810. Ulimi unapotoka na kurudi huwa unazoa chembe za kikemia hewani au juu ya kitu ulichokigusa, kisha unazifikisha kwenye kiungo hicho. Ukimwona iguana akigusagusa sakafu kwa ncha ya ulimi, anasoma ni nani amepita hapo.

Tena anasoma habari za homoni. Dume la iguana lina mstari wa vitundu upande wa chini wa mapaja, na msimu wa kuzaliana ukifika vitundu hivyo hutoa uchafu mgumu unaofanana na nta, ambao mnyama huupaka kwenye matawi anayokalia. Utokaji wake huongezeka testosteroni inapopanda. Kwa hiyo, ndani ya jamii yao wenyewe, harufu inayotegemea homoni ni lugha ya kila siku.

Ushahidi mzito kuliko wote unatoka kwa nyoka wadogo wa Manitoba, Kanada. Kila masika, maelfu kwa maelfu ya nyoka wenye mbavu nyekundu hutoka katika mashimo ya mawe ya chokaa karibu na Narcisse, na madume humrundikia jike mmoja mpaka haonekani. Mwaka 1989 Robert Mason na wenzake walitangaza katika jarida la Science kwamba wamezitambua kemikali za ngozi ya jike zinazowaita madume. Mwaka 2012, Mason na Rockwell Parker wakaenda hatua nyingine: waliwapandikizia madume vidonge vya estrojeni mwilini. Baada ya muda ngozi za madume hayo zilianza kutoa harufu ya jike, na madume wenzao wakaanza kuwatongoza. Homoni ikibadilika ngozi inabadilika, ngozi ikibadilika mwenendo wa mnyama mwingine unabadilika. Mnyororo mzima ulionekana, pete kwa pete.

Lakini tazama kilichomo ndani ya mnyororo huo. Madume hayakuinusa estrojeni yenyewe. Yalinusa mafuta mazito ya ngozi ambayo estrojeni iliamrisha yatengenezwe, na mafuta hayo ni ya nyoka. Mwanamke hana ngozi ya nyoka. Homoni zake zikipanda na kushuka, mwili wake hautengenezi ujumbe ambao iguana alizaliwa na ufunguo wake. Anayedai kwamba iguana anazisoma homoni za binadamu anatakiwa aonyeshe ni kemikali gani hasa, inatoka wapi mwilini, na inamfikiaje mnyama.

Je, harufu ya mwanamke hubadilika kweli ndani ya mwezi? Hubadilika. Mwaka 2004 watafiti wa Finland waliwapa wanawake fulana wavae, kisha wakawaomba wanaume wazinuse na kuzipa alama. Alama za wanawake wasiotumia vidonge vya uzazi wa mpango zilipanda na kushuka kufuatana na mzunguko wa hedhi. Za wanaotumia vidonge hazikufuata mzunguko huo. Kama pua ya mwanadamu inaweza kuona tofauti hiyo, sioni sababu ya kukataa kwamba ulimi wa iguana unaweza pia.

Na wapo wanyama wa jamii nyingine ambao tunajua wanatujibu. Mwaka 2014 maabara ya Jeffrey Mogil, Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, ilionyesha kwamba panya hupata msongo wakihudumiwa na wanaume kuliko wakihudumiwa na wanawake, na kwamba fulana iliyovaliwa na mwanamume ilitosha kuleta msongo huo hata mwenyewe akiwa hayupo. Panya ni mamalia kama sisi, na madume ya mamalia wengi hutoa harufu za ukoo mmoja, kwa hiyo matokeo hayo hayawezi kuhamishwa yalivyo hadi kwa mjusi. Yanathibitisha tu kwamba harufu ya jinsia inaweza kuvuka mpaka wa spishi. Mlango uko wazi. Kwamba iguana ameupita ni jambo la kuthibitishwa.

Kisa kinachotufundisha zaidi ni cha dubu. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1967, wanawake wawili vijana waliuawa na dubu wawili tofauti katika Hifadhi ya Taifa ya Glacier, Marekani. Vifo viwili usiku mmoja, katika hifadhi ambayo haikuwahi kupoteza mtu kwa dubu tangu ianzishwe mwaka 1910, vilitafutiwa maelezo, na hedhi ikatajwa. Onyo likasambaa kwamba wanawake walio kwenye siku zao wasilale porini. Dubu hao walikuwa wamezoea kula mabaki ya vyakula vya watalii, na hilo lilikuwa jambo la wazi zaidi, lakini hedhi ndiyo iliyokaa vinywani mwa watu.

Kisha wanasayansi wakafanya ambacho bado hatujakifanya kwa iguana: wakapima. Bruce Cushing alizijaribu harufu kwa dubu weupe wa ncha ya kaskazini na akaona kweli wanavutwa na tamponi zilizotumika. Lynn Rogers na wenzake walifanya majaribio kama hayo kwa dubu weusi huko Minnesota, na mwaka 1991 wakaripoti kwamba dubu karibu wote walizipuuza. Spishi mbili za jenasi moja zilitoa majibu mawili. Dubu mweupe anaishi kwa nyama na damu ya sili. Dubu mweusi chakula chake kikubwa ni mimea, matunda na wadudu. Huenda kilichomvuta dubu mweupe ni harufu anayoihusisha na chakula, ingawa damu ya binadamu isiyo ya hedhi haikumvuta katika majaribio hayo. Hilo peke yake halithibitishi kwamba ni homoni.

Hapo ndipo swali la reptilia linapogawanyika, na wanaoliuliza kwa ujumla wanapotea. Kenge anayefugwa, au chatu, ni mla nyama. Kwake damu ina maana, na akitoa ulimi mara nyingi mbele ya mwenye nyumba aliye hedhini huenda anatafuta panya aliyekufa. Iguana wa kijani anakula majani, na damu si chakula chake. Kama kuna kitu kinachomgusa siku hizo, sababu ya njaa haipo, na ndiyo maana visa vyake vinastahili uchunguzi kuliko vya wengine wote.

Chatu ana njia nyingine ya kufikiriwa. Wengi wao wana vishimo midomoni vinavyohisi joto, na joto la mwili wa mwanamke hupanda kidogo, chini ya nusu digrii hivi, baada ya yai kupevuka, projesteroni inapoongezeka. Kinadharia nyoka anaweza kuihisi tofauti ndogo kama hiyo. Kwa vitendo, mkono uliotoka kushika kikombe cha chai au kuosha vyombo kwa maji baridi umebadilika joto kwa kiasi kinachoizidi mbali tofauti ya projesteroni. Kuhusu kinyonga sina mengi: yeye ni mnyama wa macho, na ogani yake ya Jacobson imedhoofika sana. Wale vinyonga wa pembe tatu wanaofugwa Marekani, ambao asili yao ni nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania, watakasirishwa na nguo yenye rangi kali au na kushikwashikwa mapema kabla ya jambo lolote la homoni.

Turudi kwa iguana, na tufanye hesabu ambayo sijaona wengi wakiifanya. Mzunguko wa siku 28 wenye siku 5 za kutoka damu una maana kwamba mwanamke yuko hedhini karibu asilimia 18 ya siku za maisha yake ya uzazi. Iguana anayeng'ata siku yoyote bila kujali homoni za mtu ataangukia siku za hedhi mara moja katika kila sita, hivi. Ukiongeza siku 3 za kabla ya hedhi, maana nazo hutajwa, na siku 3 za kupevuka kwa yai, umefika siku 11 kati ya 28, yaani karibu asilimia 40. Kwa hesabu hiyo, familia nyingi zenye dume korofi zitapata angalau kisa kimoja "kilicholingana" hata pasipo uhusiano wowote. Na anayekumbuka ni yule aliyelinganisha. Aliyeng'atwa siku ya kawaida anapaka dawa na kusahau tarehe.

Kuna kalenda ya pili ambayo haitajwi vya kutosha: ya mnyama mwenyewe. Dume la iguana likishabalehe huingia msimu kila mwaka. Katika nyumba za nchi za kaskazini mara nyingi msimu huo huanguka kati ya mwisho wa vuli na mwanzo wa masika, ukachukua wiki kadhaa au miezi. Rangi ya kijani huanza kuchanganyika na ya machungwa mabegani na miguuni. Hula kidogo. Vitundu vya mapaja vinajaa nta. Hutikisa kichwa mbele ya kioo, mbele ya mto wa kochi, mbele ya kiatu. Testosteroni yake iko juu, jike hayupo, na chumba anachoishi kina viumbe wawili au watatu wakubwa wenye joto.

Katika kujamiiana dume humshika jike kwa meno kwenye ngozi ya shingo na kumng'ang'ania huku akiupitisha mkia wake chini ya mkia wa jike. Meno ya iguana ni madogo, mengi, yenye kingo za msumeno, yaliyoumbwa kukata majani. Ngozi ya jike hustahimili. Ngozi ya mkono wa binadamu huchanika, na dume mkubwa anayezidi mita 1.5 pamoja na mkia akimshika mtu pua au mdomo, kazi inayobaki ni ya daktari wa upasuaji. Kwa hiyo linaloitwa shambulio mara nyingi huwa ni utongozaji uliopotea njia, na mara nyingine huwa ni ugomvi wa dume anayedhani ameona mpinzani. Mwenendo huu unaanzishwa na homoni za iguana. Za mfugaji, kama zimo kabisa, zinakuja baadaye, kuchagua nani na siku gani.

Na hata katika kuchagua nani kuna washindani wengi. Ni nani anayempa chakula, anayemwogesha, anayeingiza mkono katika kizimba chake kila asubuhi? Michel Cabanac, mwanafiziolojia aliyefanya kazi Kanada, alionyesha pamoja na Arnaud Cabanac mwaka 2000 kwamba mapigo ya moyo wa iguana hupanda kwa kushikwa tu, hata akishikwa kwa upole. Anayemshika zaidi ndiye anayemchokoza zaidi. Nywele ndefu zinazotikisika, mafuta ya kupaka, manukato, nguo pana za kukaa nyumbani wakati tumbo linauma, mwendo wa taratibu, mkono unaositasita kwa hofu kwa sababu ameshaambiwa kwamba siku hizi ni za hatari: yote haya hubadilika pamoja na hedhi, na iguana, ambaye macho yake huona rangi nyingi kuliko yetu, huyaona.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niwe mkali juu ya ushahidi hapa. Hedhi imebebeshwa lawama tangu zamani. Pliny wa Roma, katika karne ya kwanza, aliandika kwamba mwanamke aliye hedhini hukausha mimea na kuua nyuki. Mwaka 1920 Béla Schick, daktari wa watoto mwenye jina kubwa Vienna, alidai kwamba maua yaliyoshikwa na mtumishi wake wa kike aliye hedhini yalinyauka, na akasema kuna sumu katika jasho lake; watu wasomi waliitafuta sumu hiyo kwa miongo kadhaa. Na katika sehemu kadhaa za Tanzania bado wapo wasichana wanaoambiwa wasiingie bustani ya mboga wakiwa kwenye siku zao. Iguana akiongezwa kwenye orodha hiyo bila kipimo, tutakuwa tumerithi kosa lilelile na kulivika koti jeupe la maabara.

Mwanamume pia ana homoni. Wapo wanaotumia jeli ya testosteroni inayopakwa kwenye ngozi, na jeli hiyo hujulikana kuhamia kwa mtu mwingine kwa kugusana, kiasi kwamba wagonjwa huonywa wasiwaguse watoto kabla haijakauka na kufunikwa. Hiyo ni homoni halisi, juu ya ngozi, mahali ambapo ulimi wa mjusi unaweza kuifikia. Kama swali letu ni la homoni kweli, mtu wa kwanza kuchunguzwa angekuwa yeye. Kwamba hakuna anayemtaja kunaonyesha jinsi swali lilivyoelekezwa upande mmoja tangu mwanzo.

Kwa mwanamke mjamzito au mwenye mtoto mchanga, hatari iliyothibitishwa ni nyingine kabisa: salmonela. Reptilia wengi wenye afya nzuri hubeba bakteria hao matumboni, na mamlaka za afya za Marekani zimekuwa zikishauri kwamba nyumba zenye watoto wa chini ya miaka 5 zisifuge reptilia. Mwaka 1975 nchi hiyo ilipiga marufuku kuuza kasa wadogo wenye gamba lisilofika inchi 4, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni na kuugua. Kunawa mikono kwa sabuni, na kutoosha vyombo vya mnyama kwenye sinki la jikoni, kuna faida kuliko mazungumzo yote ya harufu na homoni.

Mwanamke anayeishi na dume la iguana asisubiri wanasayansi. Msimu ukiingia, ajikinge kwa mikono mirefu ya nguo nzito, asimweke mnyama karibu na uso, na amwachie mwingine kazi ya kizimba, awe hedhini au asiwe. Tahadhari inayofuata rangi ya machungwa mabegani mwa dume itamlinda siku zote za msimu. Inayofuata kalenda yake mwenyewe itamlinda siku 5 na kumwacha wazi siku 23.

Jaribio lenyewe halihitaji fedha nyingi. Gordon Burghardt, katika miaka ya 1960, aliwasogezea nyoka waliozaliwa karibuni, ambao hawajawahi kula, vijiti vya pamba vilivyochovywa katika maji ya mawindo mbalimbali, akahesabu mara ngapi walitoa ulimi na kama walishambulia. Nyoka hao walitofautisha harufu za mawindo ya asili yao bila kufundishwa. Njia hiyohiyo inafaa hapa. Zichukuliwe pamba zilizokaa kwapani mwa wanawake kwa siku tofauti za mzunguko, wengine wakitumia vidonge na wengine wasitumie, pamoja na pamba za wanaume, pamba zenye damu ya mkononi tu, na pamba tupu. Zipewe namba ili anayezishika asijue ipi ni ipi. Ziwekwe mbele ya madume mengi, ndani ya msimu na nje ya msimu. Madume yakizitikisia vichwa pamba za hedhi kuliko damu ya mkononi, na za wanaotumia vidonge yakazipita bila kujali, basi wafugaji walikuwa sahihi na tuwaombe radhi. Yakizijibu zote sawa msimu unapokuwa juu, tutajua kwamba dume lilikuwa likitafuta jike, na mwenye nyumba ndiye aliyekuwa karibu.

Madaktari wanaweza kuanza hata kabla ya hapo. Kila anayeletwa na jeraha la iguana aulizwe tarehe, hali ya msimu wa mnyama, nani humhudumia, alivaa nini, alikuwa akifanya nini. Aulizwe mwanamume pia. Waandikwe na wale ambao siku zao hazikulingana na chochote, kwa sababu visa 18 vya mwaka 1991 haviwezi kupimwa uzito bila wao.